Kiti cha Dramu cha Bendi ya Wajapani

Wenzangu wakiandika kumbukumbu zao huanzia kwa mama zao. Mie naanzia kwa Mjapani mmoja, mwanamke wa umri wa kuwa bibi, nywele kazinyoa upande mmoja, aliyepanda ngazi za jengo letu la Doornfontein, Johannesburg, mkononi ameshika ovaroli nyeusi iliyochanika matakoni. Lifti ilikuwa imekufa tangu kabla sijahamia pale. Akafika ghorofa ya tatu bila kutweta, akaitupa ovaroli juu ya meza yangu ya kukatia, akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza, "Leo." Hakuna salamu, hakuna habari za kazi. Leo. Na mie nilivyo na mdomo nikamjibu, "Leo nina magauni ya harusi, mama. Labda Ijumaa." Akavuta kiti, akakaa, akawasha sigara chini ya tangazo la kukataza sigara, akasubiri. Nikaishona leo.

Nilimpenda papo hapo. Niseme mapema, maana mbele huko mtataka niwe nilimchukia ndiyo maana nikafanya nilichofanya. Wala. Yule mama alikuwa katili na mie watu makatili huwa nawaelewa haraka.

Karakana ile ya ushonaji tulikuwa nayo wawili, mimi wa Tanga na shoga yangu wa Lubumbashi. Cherehani mbili, pasi moja, meza moja, na ghorofa ya juu yake chumba kimoja tulichogawana kwa pazia. Tulikuwa tumeishi hivyo miaka sita. Tulielewana kwa sababu Kiswahili chake kilinichekesha na changu kilimuudhi. Akisema "miye minakuya," namwambia hiyo lugha gani, na yeye ananiambia sisi watu wa Tanga tunaongea kama tunaimba kwenye msiba. Tulikuwa tukila sahani moja. Mie Mwislamu, yeye mtu wa kanisa, na kwenye chumba kile hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake mambo ya Mungu isipokuwa kumpisha akitaka kusali.

Kanisani kwao, kanisa la Wakongo lililokuwa kwenye ghala la zamani la vipuri, yeye ndiye aliyekuwa anapiga dramu. Kila Jumapili, saa nne mpaka saa nane, jasho linamtiririka. Nilikwenda siku moja kupeleka sare za kwaya nikakaa karibu na mlango kwa heshima. Nilichokiona sikukisahau. Huyu mwanamke ambaye kwenye cherehani ni mvivu, mishono inapinda, zipu anaziweka kinyume, alikaa nyuma ya zile dramu akawa mtu mwingine kabisa. Aliwahi kuniambia, "Miye siko fundi, dada. Minashona tu." Alikuwa na miaka thelathini na minane na alikuwa anashona tu.

Sasa hao Wajapani. Walikuwa watatu, wote wanawake, na bendi yao ilikuwa na zaidi ya miaka thelathini. Muziki wao unaitwa panki. Mie panki nilikuwa naijua ya nywele tu, ile wanayokata vijana kwa kinyozi. Kumbe ni nyimbo za dakika moja na nusu, zinapigwa kwa kasi, mwimbaji anafoka kama anagombana na mwenye nyumba, halafu wimbo unakatika ghafla na unaanza mwingine. Wanafunzi wa chuo cha jirani ndio waliowaalika, wakawapangia nyumba ya wageni mtaa wa Kensington na chumba cha mazoezi kwenye jengo letu, ghorofa ya chini, pale palipokuwa na kiwanda cha mashati zamani.

Ovaroli zao zilikuwa nzee, kila siku inafumuka hii au ile, kwa hiyo yule mama, ndiye mwimbaji wao, akawa anapanda kila siku. Nikishona anasimulia. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu, tukaelewana vizuri kuliko ninavyoelewana na wazungu. Walianza wakiwa wasichana wa kiwanda cha samaki wa makopo. Ovaroli ni za kiwanda, walitoka nazo mwilini siku walipoacha kazi na hawakurudisha. Walipiga kwenye vyumba vya chini ya ardhi, watu wakawatupia chupa, wakazirudisha kwa kuzitupa. Ikaja kampuni ya kurekodi ikawavika magauni ya waridi na kuwaambia watabasamu. Wakatabasamu miaka miwili. Wakajulikana. Mwaka wa tatu, kwenye chakula cha kusherehekea, bosi wa kampuni akamshika mwimbaji kidevu ili amgeuze aangalie kamera, na mwimbaji akamng'ata mkono. Alinionyesha kwa mkono wake mwenyewe, jino liliingia hapa, na hapa. Wakarudi kwenye vyumba vya chini ya ardhi na hawakutoka tena. "Vizuri zaidi," akasema.

Na wapiga dramu. Yeye, anayeimba na gitaa mkononi, na mwenzake wa gitaa la besi walikuwa wale wale tangu kiwandani, lakini kiti cha dramu kilikuwa kinabadilisha makalio. Wa kwanza alikuwa binamu yake. Alimfukuza kwa barua, na barua ikafika siku ya harusi ya huyo binamu. Wa pili alimwacha kwenye kituo cha treni na mizigo yake kwa sababu alikuwa analialia. Huyu wa sasa alikuwa naye miaka kumi na mmoja. Siku ya pili ya kufika Johannesburg aliteleza bafuni kule Kensington akavunjika kifundo cha mkono, akafungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Nikamuuliza mwimbaji, umeshakwenda kumpa pole? Akanitazama kama nimemuuliza bei ya nyanya mwezini. "Yeye mkono mmoja," akasema. "Mimi nataka mikono miwili." Nikacheka mpaka nikajichoma sindano. Ndivyo nilivyo.

Siku hiyo ndiyo akaniambia habari ya jukwaa, shoga yangu yupo cherehanini anasikia. Miaka ya mwanzo, kwenye onyesho moja, mwanamume alipanda jukwaani katikati ya wimbo akiwa na ua. Anataka kutoa ua tu. Nyuma yake wakapanda kumi. Wakamvuta yule binamu kwa nywele kutoka kwenye kiti, wakamvunja mtulinga, na ukumbi mzima unapiga makofi ukidhani ni sehemu ya onyesho. Tangu hapo wakajiwekea sheria. Akipanda mtu yeyote wimbo ukiendelea, awe mwanamume, mwanamke, mtoto au polisi, gitaa linawekwa chini, wanatoka, hawarudi. Na akiwa ni mgeni wa mmoja wao, basi huyo mmoja naye bendi kaiaga. Waliwahi kuacha onyesho kwa sababu ya mtoto mdogo mwenye pipi. Mama wa mtoto akalia. "Alie," akasema mwimbaji, akanionyesha mahali ambapo mshono ulikuwa umelegea.

Onyesho lilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata na hana mpiga dramu. Wanafunzi wakamletea vijana wa kiume, akawarudisha mlangoni. Anataka mwanamke. Hapo mie nikajitokeza. Msicheke. Kwetu Tanga nimepiga ngoma kwenye kila harusi ya mtaa wetu tangu nina matiti ya tunguja, na mkono ninao. Nikashuka naye mpaka chini, shoga yangu akanifuata kuniangalia. Nikakalishwa, nikapewa vijiti. Ngoma ya kukumbatia na dramu za kukalia haviko sawa, kumbe miguu nayo ina kazi yake, na yangu ilikuwa imekaa tu kama ya mgeni. Mwimbaji alinisikiliza kwa muda wa kuwasha sigara moja. Akasema, "Wewe, shona."

Shoga yangu alicheka. Wala hakikuwa kicheko kirefu, kilimtoka tu, akaziba mdomo. Mimi ningekuwa yeye ningecheka zaidi. Lakini kilinichoma, na nakiandika hapa kwa sababu kikaniingia kikakaa.

Halafu akiwa bado ameziba mdomo, mkono wake wa pili ukawa unagonga kwenye mlango, kutaka kupoza aibu, tiki-tiki, vidole vyake havijui kutulia. Mwimbaji akageuza shingo. Akamnyooshea vijiti. Shoga yangu akanitazama mimi kwanza, kama anaomba ruhusa, nikainua mabega. Akakaa. Akapiga ya kanisani, ile ya kupandisha watu roho, ina mapambo chungu nzima. Mwimbaji akavua kandambili akamrushia. Ikampita sikioni. Akajiinamia, akavua mapambo yote, akapiga ule mpigo mkavu wa Wajapani alioutegea sikio siku tatu kupitia sakafuni, kutoka kwenye kanda zao. Yule wa besi akadaka gitaa lake. Mwimbaji akatabasamu, na halikuwa lile tabasamu la kampuni.

Siku zile tisa zilikuwa za mateso na shoga yangu hajawahi kufurahi vile. Alipigwa kandambili, alipigwa kikombe cha plastiki, alirudishwa mwanzo wa wimbo mara arobaini. Akiweka pambo moja tu la kanisani, mwimbaji anazima kipaza sauti na kuondoka chumbani, na wote wanamsubiri mpaka arudi. Malengelenge yakamtoka viganjani, yakapasuka, nikamfunga vitambaa. Anapanda juu mikono imevimba, anakula wima, anashuka tena. Kazi zote za karakana zikaniangukia mimi. Mteja akija kuulizia suti ya mumewe namwambia fundi wako kaenda kupiga madebe.

Siku ya tano akapanda amekodoa macho. Mwimbaji amesema baada ya Johannesburg wanakwenda naye Durban, na Cape Town, halafu wanarudi hapa kurekodi sahani mpya ya muziki na yeye ndiye atakayepiga. Na huyu wa Kensington mkono usipokaa sawa, barua ya mwaliko inatumwa, anakwenda Japani. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa safi, jambo adimu jengoni kwetu. Na yule mama hakuwa mtu wa kuahidi, alikuwa akisema kitu anafanya. Shoga yangu akakaa kwenye kitanda changu, akaweka mikono yake iliyofungwa mapajani, akasema, "Dada, sasa hivi iko naanza maisha yangu." Nikasema hongera. Akasema, "Utatafuta mtu ya kukaa naye hapa. Usikae peke yako, utachakaa."

Utachakaa! Mie! Aliniambia kwa huruma, hana hili wala lile, huku ananitazama kama chakula kilichobaki. Usiku ule nilikuwa nakata ovaroli yake, maana ya mwenzake wa Kensington isingempita nyonga, na nikaikata vizuri sana. Mikono yangu haijui kufanya kazi mbaya hata moyo ukiwa umeoza.

Sasa kuna mama mdogo wake. Huyu ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, ndiye aliyemleta huku kwa basi kupitia Zambia na Zimbabwe, ndiye aliyemkalisha kwenye dramu kanisani wakati wazee wa kanisa wanasema mwanamke gani anatanua miguu mbele ya madhabahu. Alikuwa kiongozi wa kwaya. Mfupi, mnene, sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Aliposikia mtoto wake anapigia Wajapani, hakuuliza ni muziki gani. Alitangaza kwaya nzima itakwenda, ibada ikiisha, na sare zao.

Shoga yangu alifurahi, kisha akaingiwa na hofu, akanijia. Mnajua desturi yetu, Watanzania na Wakongo, hapa tumefanana. Mtu wako akifanya vizuri jukwaani hukai chini ukapiga makofi kama uko shuleni. Unapanda. Unacheza mpaka pale alipo, unambandika noti kwenye paji la uso, unamfuta jasho kwa kitambaa chako, unashuka kwa madaha ukumbi wote ukuone. Kutomtunza mtu wako ni kumkana. Kanisani kwao walikuwa wanamtunza kila Jumapili akiwa katikati ya kupiga, na yeye hata mpigo mmoja haupotei.

"Miye niko mu mazoezi mpaka Jumamosi usiku," akaniambia. "Weye unaenda kwa kwaya kupeleka zile magauni. Uwaambie, dada. Uwaambie vizuri. Mtu hata moja asipande. Hata mama mdogo. Nitawaeleza kisha, bataelewa. Uwaambie ile habari ya binamu."

"Nitawaambia," nikasema.

Na nilikusudia. Naapa nilitoka nyumbani Jumamosi ile nimekusudia. Nikavuka pale kwenye robot, zile taa za barabarani, na magauni begani, najisemea njiani maneno nitakayowaambia. Nikafika kwenye ghala lao, wakanipokea magauni, wakanipa chai ya maziwa na mandazi, wakanisifia mshono. Kina mama kumi na wanne. Wakawa wanazungumza habari ya shoga yangu tu. Ataenda Japani. Atatokea kwenye televisheni. Mmoja akasema, "Na weye mama fundi, utabakia na cherehani mbili!" Wakacheka kwa wema. Ni mzaha, mtu yeyote angecheka nao. Nikacheka nao.

Mama mdogo akanisogelea, akanishika goti. Akaniuliza taratibu, maana hakuwa mjinga, alijua ugenini kuna mambo ya ugenini. "Mama fundi, weye unawajua hawa watu. Tutaweza kumupandia mtoto? Haiko mubaya kwao?"

Hapo ndipo penyewe. Nilikuwa na mandazi mdomoni. Nikayatafuna, nikayameza, nikanywa chai. Nikamwambia, "Mama, si mtoto wenu?"

Hilo ndilo jibu nililotoa. Mtu akitaka anaweza kusema sikudanganya. Mama mdogo akapiga makofi, akageukia wenzake, akawaambia kila mtu abadilishe noti zake zipatikane mpya. Nikaaga. Njiani nikanunua ndizi kwenye spaza, kiduka cha mtaani, nikala nikitembea. Sikutetemeka, sikulia, na usiku nililala vizuri.

Jumapili ukumbi ulijaa. Onyesho lilipangwa mchana, saa tisa, kukwepa mgao wa umeme. Wanafunzi wenye nywele za kijani, wazungu wachache wenye mapete puani, na safu mbili za mbele kwaya ya Wakongo, vitenge vya zambarau nilivyoshona mwenyewe, vilemba juu, pochi mapajani. Mpiga dramu wa Kensington alikuwa amekaa pembeni na plasta yake, anakula biskuti. Mie nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

Wakaanza. Jamani, sitaki kumnyima haki yake. Nimesikia dramu nyingi tangu siku ile na sijasikia kama zile. Alipiga mipigo mikavu, mifupi, kwa hasira ambayo sikujua anayo, miaka sita ya zipu zilizowekwa kinyume zote zikimtoka mikononi. Kila alipogeuka nyuma kumwangalia, mwimbaji alikuwa mdogo kwa miaka ishirini. Nyimbo nne zikapita. Wanafunzi wanarukaruka. Kwaya hawakuelewa nyimbo zinaanzia wapi na kuishia wapi, kila wakitaka kuinuka wimbo umekwisha, kwa hiyo wakaamua wasisubiri tena.

Wimbo wa tano mama mdogo akainuka. Akazunguka kwenye ngazi, akashika gauni lake kwa mkono mmoja asilikanyage, akapanda akicheza kwa mwendo wake wa kanisani, taratibu, nyonga huku, nyonga kule, na nyuma yake kina mama kumi na watatu kwa mstari mmoja. Wanafunzi wakashangilia. Shoga yangu akawaona. Niliona uso wake. Akatikisa kichwa, hapana, hapana, mikono inaendelea kupiga, na mama mdogo akadhani ni utamu wa muziki. Akamfikia. Akambandika noti kwenye paji la uso lililolowa. Akamfuta jasho. Akamfungulia vigelegele.

Mwimbaji aliacha katikati ya neno. Akavua gitaa, akalilaza chini polepole kama mtoto aliyelala, akatoka. Wa besi akamfuata. Shoga yangu akaendelea kupiga. Peke yake, noti imenata usoni, kwaya inamzunguka inacheza, akapiga kama vile akipiga vizuri zaidi wale wawili watarudi. Dakika nzima. Mpiga dramu wa Kensington akacheka, biskuti zikamtoka mdomoni.

Niliwakuta kwenye ujia wa nyuma. Mwimbaji hakupiga kelele. Alimwambia shoga yangu neno moja, "Vua." Shoga yangu alikuwa anaeleza, Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza, vyote kwa mpigo, kwamba ni mama yake, kwamba ni heshima, kwamba kwao ndivyo. "Vua." Akafungua vifungo, akaivua ile ovaroli pale pale mbele ya wanafunzi waliokuwa wanabeba nyaya, akabaki na shumizi. Mwimbaji akaikunja vizuri, akaiweka kwapani. Akanitazama mimi kidogo. Sijui aliona nini. Akapita. Durban walikwenda na mashine ya kupigia dramu, nikaambiwa baadaye ilikuwa bora kuliko watu, haina wageni.

Nikamvisha shoga yangu koti langu. Akanishika mikono yote miwili. "Dada. Uliwaambia?"

"Niliwaambia," nikasema. "Mara mbili."

Jumatatu asubuhi mama mdogo akaja karakanani. Alikuwa amepanda ngazi zote zile na magoti yake, akahema kwanza, ameshika fremu ya mlango. Halafu akasema, "Mwanangu, hatukuambiwaka kitu. Miye niliuliza. Niliuliza mwenyewe." Shoga yangu akamtazama, akanigeukia mimi. Cherehani yangu ilikuwa imesimama. Nikasema kwa upole, upole ambao sikujua ninao, "Mama, labda hukunisikia vizuri, kulikuwa na kelele."

Mama mdogo akanikazia macho. Akajua. Alijua kila kitu pale pale, na akajua pia kwamba hana cha kuonyesha, maana shahidi wake ni yeye mwenyewe, yule yule aliyepanda jukwaani kwanza. Shoga yangu akasema, "Ulitaka bakuone. Siku zote unataka watu bakuone." Shoga yangu akamwambia atoke. Sijawahi kumsikia Mkongo akimwambia mama yake mdogo hivyo, na mama mwenyewe naona hakuwahi, kwa sababu alisimama kwanza kama anasubiri tafsiri. Kisha akashuka. Ngazi moja moja, tulimsikia mpaka chini.

Shoga yangu hakurudi kanisani. Dramu hakuzigusa tena. Akakaa na mimi, akashona, na mishono yake ikanyooka mwaka hadi mwaka, sasa hivi ni fundi mzuri kweli, wateja wanamwulizia yeye. Tumehamia Kensington, tuna duka lenye dirisha. Watu wanatuita pacha. Mama mdogo alihamia kitongoji cha Diepsloot akafungua kibanda cha mboga, akatuma salamu mara tatu, nne, kwa watu wa kwaya, na kila mara salamu ni zile zile, kwamba hakuambiwa. Shoga yangu anasikiliza, anamrudisha mjumbe. Alikuwa tayari kumsamehe. Alisema hivyo mbele yangu mara nyingi. Alichotaka ni yule mama aseme tu, ndiyo, niliambiwa, na nikapanda.

Baridi iliyopita mama mdogo akafariki. Tulikwenda kumzika wote wawili, tukasimama nyuma, kwaya haikutusalimu. Udongo ulipokwisha kurudishwa shoga yangu alikuwa analia kwa hasira, anajipiga paja. "Mpaka anaingia mu kaburi," akaniambia, "alishindwa kukiri tu, dada. Neno moja. Ningemwendea kwa magoti. Mtu anashindwaje kusema neno moja?"

Nikamfuta uso kwa mtandio wangu. "Wapo watu hawawezi, shoga yangu," nikamwambia. Akaniegemea begani, akasema anamshukuru Mungu ana mimi, tukaenda kutafuta teksi.